Vita vya Shela: Walipopigana Watu wa Kibla Kimoja

Mwenye kutoka mji wa Lamu kwa miguu, akiufuata ukingo wa bahari kuelekea Shela, huchukua kama dakika arubaini kufika. Nyuma ya kijiji hicho vimesimama vilima vya mchanga mweupe. Wageni huvipanda jioni kutazama jua likichwa, na watoto wetu hupenda kuteremka kwa kuteleza. Ni wachache wanaowaeleza watoto hao kwamba upepo ukiutifua mchanga ule, huenda ukafichuka mfupa wa binadamu. Ni mifupa ya Waislamu, na waliowaua walikuwa Waislamu wenzao.

Vita hivyo wanahistoria wengine huviweka mwaka 1812, na wengine 1813. Huitwa Vita vya Shela, na katika mashairi ya zama zile hujulikana kwa jina la Vita vya Kuduhu. Upande mmoja walisimama watu wa Lamu, na upande wa pili jeshi la Pate likisaidiana na la Mombasa, iliyokuwa chini ya Mazrui. Msomaji asidhani kuwa hayo yalikuwa mataifa yasiyojuana. Miji ile mitatu ilisema lugha moja, ikaelekea kibla kimoja, ikaoleana na kufanya biashara kwa vizazi vingi. Aliyechukua upanga siku ile hakuwa mbali na uwezekano wa kumkuta mbele yake mtoto wa shangazi yake.

Chanzo chake kilikuwa utawala. Pate ilikuwa imejihesabu kwa muda mrefu kuwa ina haki juu ya Lamu, lakini nguvu zake zilikuwa zimekwisha kupungua, na mkono wa Mazrui ulikuwa umeingia katika mambo ya usultani wake. Lamu haikuwa na sultani. Iliendeshwa na baraza la wazee, nao walikuwa wamegawanyika makundi mawili, Zena na Suudi, yaliyoshindana sana baina yao. Hatari ilipokuja kutoka nje, mashindano hayo yaliwekwa kando, na mji ukasimama nyuma ya Bwana Zahidi Mngumi.

Jeshi la Pate na Mombasa lilikuja kwa vyombo, likashuka Shela. Watu wa Lamu wakatoka kulikabili, na mapigano yakawa makali mpaka safu za wavamizi zikavunjika. Waliosalia wakakimbilia pwani ili wapande vyombo vyao wajiokoe. Walipofika walikuta maji yamekupwa, na vyombo vimelala juu ya mchanga, havisukumiki wala havielei. Hapo ndipo walipouawa wengi zaidi kuliko katika mapigano yenyewe. Wako wanaosimulia habari za mafingo na chungu cha shaba kilichozikwa ardhini ili kumpumbaza adui. Mimi sioni haja ya kuyategemea hayo. Bahari ina nyakati zake alizoziweka Mwenyezi Mungu, na aliyezisahau siku ile alizilipia kwa roho yake.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni hesabu ya maiti. Habari za Pate zilizohifadhiwa na wazee zinasema kwamba waungwana wa Pate waliouawa walijulikana, kila mmoja kwa jina lake na jina la baba yake. Watumwa na maskini waliokufa pamoja nao hawakuhesabiwa. Walipelekwa vitani na mabwana zao, wakaanguka katika mchanga mmoja, lakini hakuna aliyeandika fulani bin fulani. Aibu hiyo ni yetu sisi watu wa pwani, na si haki kuisukumia wageni peke yao.

Wala haikuandikwa hesabu ya wanawake. Tafakari, mama msomaji, hali ya mji wa Pate katika wiki ile: mitaa iliyojaa nyumba zilizoingia eda kwa pamoja, miezi minne na siku kumi, na mayatima wanaouliza baba atarudi lini. Upande wa Lamu pia wako waliolia, ingawa mji ulikuwa ukishangilia. Mashairi ya kujibizana baina ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi yamehifadhiwa, na ni mazuri kwa ufundi wa lugha. Wanaume walikebehiana kwa beti. Sauti ya mjane haimo.

Na washindi, je, walipata nini? Walipata hofu. Walijua kwamba Mazrui hawatasahau, na kwa hiyo wakatuma ujumbe Maskati kwa Sayyid Said bin Sultan kuomba himaya. Naye akawaletea liwali na askari, na ngome tunayoiona leo mbele ya soko la Lamu ikakamilika mwaka 1821. Mji uliokataa kutawaliwa na jamaa zake ukajipeleka wenyewe kwa mtawala wa ng'ambo. Mombasa nayo ilimwangukia Sayyid huyohuyo mwaka 1837, na wakubwa wa Mazrui wakahamishwa wasirejee tena. Pate haikupata tena utukufu wake.

Sura ya al-Hujurat imetufundisha la kufanya makundi mawili ya waumini yanapopigana: kusuluhisha, na kusuluhisha kwa uadilifu. Katika masimulizi ya vita hivi nimemtafuta msuluhishi, mzee mmoja wa kusimama baina ya Lamu na Pate kabla ya vyombo kung'oa nanga. Sikumpata.

Leo maji matamu yanayonywewa mjini Lamu hutoka katika visima vya Shela. Mvua hunyesha juu ya vilima, ikachujwa na mchanga, ikahifadhiwa chini. Kwa hiyo anayejenga juu ya vilima vile au kuuchimba mchanga wake anagusa mambo mawili, maji ya walio hai na makaburi ya wasiokuwa na alama. Katika sheria yetu mfupa wa maiti una heshima ileile aliyokuwa nayo mwenyewe alipokuwa hai. Mtoto akirudi nyumbani na mfupa aliouokota Shela, asiachiwe kuuchezea wala kuuweka kabatini. Urudishwe, uchimbiwe mahali pa kina ambapo upepo hautaufikia, na mwenye kuuzika amwombee rehema mtu huyo. Jina lake halihitajiki.