Ramani Iko Mdomoni kwa Konda

Cuzo yangu ametoka ocha juzi. Nikamwelekeza vile msee yeyote wa Nairobi angemwelekeza: dandia mat ya Mombasa Road, ukifika GM ushuke. Nusu saa baadaye simu inalia. "Buda, nimecheki huku kote, hakuna kitu inaitwa GM. Naona Isuzu tu."

Si makosa yake. Kampuni ilibadilisha jina 2017, ikawa Isuzu East Africa. Lakini nani aliambia makanga? Mpaka leo wanaita tu: "Bellevue, GM, Imara, Cabanas! Ingia twende!"

Na si ati hii tao haina ramani ya mat. Iko, na ni fiti. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walizunguka na mat, simu mkononi, GPS imewashwa, wakirekodi kila stage na jina yake. Walikuwa pamoja na wasee wa MIT na Columbia huko Marekani, na kampuni ya Groupshot, project ikaitwa Digital Matatus. 2014 ramani ikatoka: routes zaidi ya 130, laini zimenyooshwa, rangi kwa rangi, tao imekaa katikati kama buibui. 2015 data yao ikaingia Google Maps.

Hiyo style ya kunyoosha laini ni ya London. Harry Beck, msee wa kuchora saketi za umeme, alinyoosha reli za chini ya ardhi, ramani ikachapwa 1933. Abiria ako chini ya ardhi, haoni kitu nje, so kona za njia zitamsaidia na nini? Mpe laini na jina ya station inayofuata, inatosha.

Hapo ndio mimi na Beck tunaachana. Abiria wa mat ako na dirisha (sawa, kama si nganya yenye graffiti imeziba kioo yote). Anacheki nje akitafuta alama, na alama zetu nyingi zilikufa kitambo. Odeon ilikuwa sinema. Drive-In pale Thika Road, sinema pia, ya kuangalia ukiwa ndani ya gari. Allsops, kiwanda ya bia. Unashukia kwa kaburi ya kitu hujawahi ona, na bado hupotei, juu umeskia konda akiiita tangu ukiwa mtoi. Alafu kuna Githurai, hiyo ndio noma. 44 na 45 ni namba za mat, sahi ni mitaa pia. Wasee wanalipa rent ndani ya namba.

Kuna vitu hakuna mchoraji ataweza. Mvua ikinyesha, finje inageuka soo. Jam ikishika, ama dere akinusa karau huko mbele, anakata kona anaingia panya route, na laini yako ya rangi inabaki kwa karatasi.

Lakini majina mnaweza. So nyinyi wenye mtachora ingine, msikopi signboard. Simameni stage asubuhi moja, mskize makanga kwanza. GM iandikwe GM.

Cuzo nilimwambia ashuke hapo hapo, lakini mat ilikuwa ishang'oa. Alishukia Imara Daima, akarudi na miguu.