Maelezo kwa Watumishi na Wananchi Kuhusu Kusakinisha na Kusanidi Programu katika Kompyuta za Linux

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Magu, pamoja na wakazi wa visiwa vya Ghuba ya Speke, wanafahamishwa kwamba kompyuta ya mezani iliyozeeka si lazima iwe chakavu. Maelezo yafuatayo yanaonyesha namna ya kuweka mfumo wa Linux katika kompyuta ya aina hiyo, namna ya kusakinisha programu, yaani kuziingiza ndani ya mashine, na namna ya kuzisanidi, yaani kuzipangia jinsi ya kufanya kazi. Jambo kubwa la kukumbukwa kuliko yote ni moja: programu ichukuliwe katika bohari inayojulikana, isiokotwe njiani.

1. Sababu ya maelezo haya

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha utoaji wa kawaida wa marekebisho ya usalama kwa mfumo wa Windows 10. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku ile. Lakini mashine ambayo haikuandikishwa katika mpango wa nyongeza ya muda haipokei tena dawa ya kasoro zinazoendelea kugunduliwa. Windows 11, iliyotoka 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Kwa zile za Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa 2017. Kwa hiyo kompyuta iliyonunuliwa kabla ya 2018, iwe ya shule, ya zahanati, ya ofisi ya kata au ya duka, inaweza kuwa nzima kabisa na bado isikubaliwe.

Wengi wanapofika hapo hutafuta nakala isiyo na leseni, inayopitishwa kwa flashi kutoka mkono hadi mkono. Njia hiyo ina ubaya wa aina mbili. Kwanza, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Pili, vijiprogramu vinavyodaiwa kufungua leseni mara nyingi hubeba virusi, na mwenye kuvitumia huwa amewafungulia mlango wezi wa nywila. Masijala inayopoteza majalada yake kwa sababu hiyo haiwezi kuyarudisha kwa majuto.

2. Linux na lugha yetu

Linux ilitangazwa kwa mara ya kwanza Agosti 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Leseni yake inamruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili na kuigawa bila malipo. Kwa kuwa Linux yenyewe ni kiini tu cha mfumo, makundi mbalimbali huikusanya pamoja na programu nyingine na kutoa mfumo uliokamilika. Debian ilianzishwa 1993. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilitoka 2004 ikiwa imejengwa juu ya Debian. Linux Mint ilifuata 2006 ikijengwa juu ya Ubuntu.

Nchini Tanzania jambo hili si geni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux uliosaidiwa na Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mradi huo ulidhihirisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba maneno ya kompyuta sawa na lugha nyingine. Programu ya LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, ndiyo inayotumika zaidi leo katika kompyuta za Linux.

Kwa mashine za zamani, maelezo haya yanatumia mfano wa Linux Mint, aina ya Xfce, ambayo ni nyepesi. Mfululizo wa 22 ulioanza Julai 2024 umeahidiwa marekebisho hadi 2029. Unahitaji kumbukumbu ya GB 2, ingawa GB 4 ni bora, na nafasi ya diski isiyopungua GB 20.

3. Maandalizi

Kabla ya kuanza, mambo manne yatekelezwe bila kuruka hata moja.

(a) Nyaraka zote zinakiliwe katika diski ya nje, kisha nakala ifunguliwe katika kompyuta nyingine ili kuhakikisha kuwa inasomeka. Nakala ambayo haijafunguliwa isihesabiwe kuwa nakala.

(b) Iandikwe orodha ya kazi zinazofanywa na mashine hiyo. Mifumo inayofunguliwa kwa kivinjari, kama vile mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST ulioanza 2023, au mfumo wa ESS wa watumishi wa umma, haimlazimishi mtumiaji kuwa na Windows. Lakini programu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake haitafanya kazi moja kwa moja katika Linux. Mashine yenye kazi ya namna hiyo iachwe kwanza.

(c) Saa na tarehe ya kompyuta viangaliwe. Mashine ya zamani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapokatika. Ikiwa tarehe si sahihi, tovuti salama zitakataa kufunguka na bohari ya programu itakataa kutoa mzigo. Mtu anaweza kuhangaika siku nzima akidhani mtandao ndio mbovu. Betri hiyo hubadilishwa kwa gharama ndogo.

(d) Umeme uwe wa uhakika. Kompyuta ya mezani iunganishwe na UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi ya kuandika diski, mfumo wa zamani unaweza kuwa umefutika na mpya haujakamilika.

4. Kutengeneza flashi na kuijaribu mashine

Faili la mfumo, lenye ukubwa unaokaribia GB 3, hupakuliwa mara moja tu katika tovuti ya Linux Mint yenyewe. Faili hilo hilo laweza kutumika kwa kompyuta zote za shule au ofisi, na leseni inaruhusu. Baada ya kupakua, alama ya utambulisho ya faili ilinganishwe na ile iliyochapishwa na watengenezaji. Katika Linux amri ni sha256sum ikifuatiwa na jina la faili. Hatua hii si ya urasimu. Mwezi Februari 2016 wavamizi waliingia katika tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza watu kwenye faili lililotiwa sumu. Waliolinganisha alama na chanzo cha kuaminika waliweza kugundua tofauti kabla ya kuweka mfumo huo.

Faili huandikwa katika flashi ya GB 4 au zaidi kwa programu kama Rufus au Etcher. Flashi yenyewe itafutwa yote, hivyo isiwe na kitu cha thamani. Kisha kompyuta huwashwa kwa flashi hiyo kwa kubonyeza kitufe cha F12, F9 au Esc, kutegemea mtengenezaji wa mashine.

Mfumo utafunguka kutoka katika flashi bila kugusa diski. Hii ni fursa ya majaribio, nayo isipuuzwe. Sauti, mtandao, kipanya na hasa printa vijaribiwe hapo. Printa ikikataa wakati huu, hakuna kilichoharibika. Ikikataa baada ya diski kufutwa, ofisi nzima itasimama.

5. Kuweka mfumo

Majaribio yakiridhisha, hubonyezwa alama ya kuweka mfumo iliyo juu ya meza ya kompyuta. Maswali mengi ni mepesi: lugha, kibodi, na saa za eneo, ambapo huchaguliwa Dar es Salaam. Swali moja linahitaji utulivu. Mfumo utauliza kama uifute diski yote au uwekwe kando ya Windows iliyopo. Jibu la kwanza huondoa kila kitu bila njia rahisi ya kukirudisha. Mwenye shaka yoyote asibonyeze. Asimame, aitazame tena nakala yake ya nyaraka, kisha aendelee.

6. Kusakinisha programu

Hapa ndipo desturi ya Linux inapotofautiana na ile tuliyoizoea. Mtumiaji wa Windows amezoea kutafuta programu huku na kule, katika tovuti mbalimbali au kwa rafiki. Katika Linux kila mfumo una bohari yake, ambamo maelfu ya programu huhifadhiwa zikiwa na mihuri ya kielektroniki. Ni kama zahanati inayopata dawa zake kutoka Bohari ya Dawa badala ya kuzinunua kwa mchuuzi wa mnadani.

Bohari ina faida nyingine. Programu nyingi haziwezi kufanya kazi peke yake. Hutegemea nyingine ndogo. Mvuvi anajua kwamba wavu hautoshi bila kamba, maboya na vizito. Anayeomba wavu katika bohari ya Linux hupewa na vyote vinavyokwenda nao, pasipo kuvitaja.

Njia rahisi ni kufungua ghala la programu lililomo katika menyu, kuandika jina la programu na kubonyeza kitufe cha kusakinisha. Njia ya pili ni kuandika amri katika terminali. Amri za msingi ni hizi:

sudo apt update — husoma orodha mpya ya bohari.

sudo apt upgrade — huleta marekebisho ya programu zilizopo.

sudo apt install hunspell-sw — husakinisha kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili.

sudo apt remove, ikifuatiwa na jina — huondoa programu.

Neno sudo lina maana kwamba mtumiaji anaomba mamlaka ya msimamizi, ndiyo maana huulizwa nywila. Nywila inaweza isionekane inapoandikwa, kibodi haijaharibika. Amri yoyote yenye neno hilo iliyotolewa na mtu asiyejulikana isinakiliwe kabla ya kueleweka.

7. Kusanidi

Baada ya marekebisho ya kwanza, mambo yafuatayo yawekwe sawa. Katika LibreOffice, lugha ya nyaraka iwekwe Kiswahili cha Tanzania ili kamusi iliyosakinishwa ifanye kazi. Barua zilizoandikwa kwa Times New Roman zaweza kuonyeshwa kwa herufi za Liberation Serif, ambazo zina upana uleule, hivyo mistari haihami. Hata hivyo, waraka uliokwisha kusainiwa au kuidhinishwa utumwe ukiwa PDF.

Ziundwe akaunti mbili: moja ya msimamizi na nyingine ya kazi za kila siku isiyo na mamlaka ya kubadili mfumo. Programu ya Timeshift iwashwe ili mfumo uweze kurudishwa hali yake ya awali ukiharibika. Lakini ieleweke vizuri kwamba Timeshift, kwa mpangilio wake wa kawaida, huhifadhi mfumo na wala si nyaraka za mtumiaji. Nyaraka ziendelee kunakiliwa katika diski ya nje.

Virusi vingi vilivyotengenezwa kwa ajili ya Windows haviathiri Linux, ila flashi inaweza kuvibeba na kuvifikisha ofisi ya jirani. Usafi wa flashi bado ni wajibu wa wote.

8. Mahali pasipo na mtandao wa kutosha

Kwa shule au ofisi iliyo kisiwani au mbali na barabara kuu ya Mwanza na Musoma, si lazima kila mashine iunganishwe. Kompyuta moja iliyowekewa mfumo upya, ya toleo lile lile, ipelekwe mahali penye mtandao mzuri. Hapo, baada ya kusoma orodha ya bohari, itumike amri ya sudo apt install --download-only ikifuatiwa na majina ya programu zinazotakiwa. Mafurushi yatapakuliwa bila kusakinishwa, nayo yatakaa katika kabrasha la /var/cache/apt/archives. Yakinakiliwe katika flashi na kupelekwa kwenye mashine nyingine. Huko hufunguliwa terminali ndani ya kabrasha la flashi na kuandikwa sudo apt install ./*.deb. Kwa njia hii kifurushi kimoja cha intaneti huhudumia darasa zima la kompyuta.

9. Wajibu wa watumishi

Kompyuta ya Serikali ni mali ya umma na taarifa zilizomo ni za umma. Mtumishi asibadili mfumo wake kwa uamuzi wake binafsi. Ombi lipelekwe kwa maandishi kwa Ofisa TEHAMA, likiambatanishwa na orodha iliyotajwa katika aya ya 3 (b). Aidha, diski ya zamani yenye taarifa za wagonjwa, wanafunzi au walipakodi isiuzwe wala kugawiwa kabla ya kufutwa ipasavyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu wote wanaotunza taarifa za watu.

Wananchi wenye mashine zao binafsi wanashauriwa kuanza na kompyuta moja, ile isiyobeba kazi ya lazima, na kuitumia kwa muda wa mwezi mmoja kabla ya kugeukia nyingine. Walimu wanaombwa kuwashirikisha wanafunzi wao katika kila hatua, kwa kuwa mwanafunzi aliyesakinisha mfumo kwa mikono yake ndiye atakayeweza kuutengeneza siku utakapoharibika.