Beaujolais, mvinyo uliokimbizwa sokoni

Kila mwaka, Alhamisi ya tatu ya Novemba, bango lilelile hutokea kwenye milango ya migahawa na maduka ya Ufaransa, na hata nje ya Ufaransa: Beaujolais mpya umefika. Kisheria chupa hizo haziruhusiwi kuuzwa kabla ya siku hiyo, ndiyo maana wengine hungoja saa sita ya usiku ipige ndipo wafungue ya kwanza.

Wasomaji wetu wengi hawagusi kileo, na makala haya hayamvuti mtu kunywa. Ila ukiishi Ufaransa huwezi kuzikwepa habari za mvinyo. Ni riziki ya majirani, ni mazungumzo ya mezani, na kwa mwanafunzi aliyefika juzi huenda ikawa kibarua chake cha kwanza.

Beaujolais ni nchi ya vilima kaskazini mwa Lyon, magharibi mwa mto Saône. Jina limetokana na mji mdogo wa Beaujeu. Zabibu inayolimwa huko, kwa mvinyo mwekundu, ni moja tu: Gamay. Zabibu hiyo iliwahi kufukuzwa. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy, aliamuru ing'olewe katika ardhi yake kwa kuwa ilizaa sana na mvinyo wake, kwa maoni yake, haukuwa na heshima. Ikastawi kusini, kwenye udongo wa mawe ya matale, na wanywaji wa Lyon wakaipenda. Watu wa mji huo hutania mpaka leo kwamba wana mito mitatu: Rhône, Saône na Beaujolais.

Mvinyo mwekundu kwa kawaida hukaa miezi mingi, hata miaka, kabla ya kuuzwa. Huu mpya huvunwa Septemba na kunywewa Novemba. Siri iko katika namna ya kuuchachusha. Mashada hutiwa mazima katika tangi lililofungwa. Ya chini hupasuka kwa uzito wa ya juu, maji yake huanza kuchacha na kutoa hewa ya kaboni dioksaidi. Hewa hiyo ikijaa tangini, zabibu za juu ambazo bado ni nzima huchacha ndani ya maganda yake zenyewe. Kinachopatikana ni mvinyo mwepesi, usio na ukakasi mwingi, wenye harufu ya matunda, mara nyingine harufu ya ndizi mbivu kabisa. Ni kama tembo la mnazi: raha yake ni upya wake, na halikusudiwi kuwekwa.

Kwa mkulima jambo hili lilikuwa neema. Aliyevuna Septemba alishika pesa kabla ya Krismasi. Mfanyabiashara Georges Duboeuf, aliyefariki mwaka 2020, aliufanya ujio wa mvinyo huu kuwa sherehe ya dunia nzima. Magari yalishindana kuufikisha Paris na London, ndege zikaupeleka Japani, ambayo imekuwa mteja wake mkubwa wa nje. Mwaka 1985 ndipo siku ya Alhamisi ilipowekwa, ili sherehe iungane na mwisho wa wiki. Wajanja kweli.

Lakini mti uliowalisha ndio uliowaangukia. Kila aliyeonja chupa ya bei rahisi ya Novemba aliamini kwamba Beaujolais yote ndiyo hiyo. Mavuno ya 2001 yalikosa wanunuzi, na zaidi ya makasha milioni moja yakaharibiwa au kukenekwa kuwa spiriti. Mwonjaji mmoja akautukana mvinyo huo katika gazeti la Lyon Mag, kwa neno lisiloandikika katika jarida la familia. Wakulima wakaenda mahakamani, wakashinda mwanzoni, lakini mwaka 2005 hukumu ikatenguliwa. Wakati huohuo mashamba yaling'olewa: kutoka zaidi ya hekta 20,000 hadi chini ya 15,000.

Waliobaki na jina zuri ni wale ambao hawakukimbilia Novemba. Kaskazini mwa eneo hilo kuna sehemu kumi zenye majina yake zenyewe, kama Morgon, Fleurie na Moulin-à-Vent, na mvinyo wake unaweza kuwekwa miaka kumi au zaidi. Mara nyingi chupa zake hazijaandikwa Beaujolais kwa herufi kubwa, wala huhitaji kushangaa kwa nini. Pale Morgon, Marcel Lapierre aliyefariki mwaka 2010 alirudia njia ya polepole, bila dawa nyingi shambani, na leo vijana wengi wa huko wanafuata nyayo zake. Binafsi naona hao ndio waliowaokoa majirani zao, ingawa bango la Novemba bado ndilo linalosikika zaidi.

Sasa kibarua. Huku zabibu mara nyingi bado huvunwa kwa mkono, kwa sababu mashada lazima yafike tangini yakiwa mazima. Mizabibu mingi ni mifupi, haikufungwa kwenye nyaya, kwa hiyo unainama kutwa nzima na mkasi mkononi. Kuna mkataba maalumu wa mavuno, usiozidi mwezi mmoja kila mara. Mwenye kibali cha mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 964 kwa mwaka, na saa za shambani zimo humo. Malipo ya saa hayapaswi kushuka chini ya kima cha chini cha taifa. Dai mkataba wa maandishi kabla ya kupanda gari, na uliza mapema kama utapewa mahali pa kulala na kama utakatwa pesa kwa ajili yake. Joto la mwisho wa Agosti si la kuchezewa, kwa hiyo beba kofia na maji ya kutosha.