Gita Lililorudi na Vumbi: Mafuta Gani Upake Kwenye Mbao Kabla Hujatuma Mzigo

Leo naongea na wewe unayeuza vitu vya mbao mtandaoni, iwe stuli, fremu, mwiko au gita kama mimi. Duka langu liko Katesh, nakarabati vyombo vya muziki vya mtumba, na wateja wangu wengi ni kwaya.

Mwaka jana mwezi wa saba nilipata gita la umeme limebanduka rangi vibaya. Nikalivua kila kitu, nikapiga msasa mpaka mbao ikaonekana, nikasema hili nalipaka mafuta tu ling'ae kiasili. Mafuta gani? Huku kwetu Hanang alizeti ipo kila nyumba. Nikapaka ya alizeti, mara tatu. Lilipendeza! Nikapiga picha, siku hiyohiyo mwalimu wa kwaya mmoja wa Haydom akalipia 280,000. Nikalifunga na nailoni, likapanda gari la njia ya Basotu.

Kesho yake simu: "Mdogo wangu, hili gita umelipaka asali?"

Nailoni ilikuwa imeganda kwenye mbao na kuacha alama, na vumbi lote la njiani limenasa. Nikarudisha hela yake, nauli ya kwenda na kurudi juu yangu. Sikulala vizuri, maana kwaya zinaambiana.

Kumbe mafuta hayafanani. Yapo yanayokauka na yasiyokauka. Mafuta ya mbegu za kitani, yale madukani wanaita linsidi, yanavuta hewa ya oksijeni na kugeuka kuwa ngozi ngumu ndani ya mbao. Hayakauki kwa kuruka hewani kama tapentaini. Alizeti nayo inavuta, ila polepole sana, inabaki inanata wiki na wiki. Ya nazi na mawese hayakauki kabisa. Babu alikuwa anapaka fimbo yake samli na inapendeza, lakini fimbo anaishika kila siku, mkono wake ndio unaoifuta. Gita lako linakaa kwenye boksi.

Kwa hiyo nunua linsidi iliyoandikwa kuwa imechemshwa. Imewekewa dawa ya kuharakisha kukauka. Ile mbichi itakuchelewesha mno.

Kabla ya kupaka, fungua kava la plastiki la mbele uchungulie shimo la nyaya. Ukiona tabaka tabaka, hiyo ni plaiwudi, irudishie rangi tu, mafuta hayataipendezesha. Ikiwa ni mbao moja kweli, endelea. Toa nyuzi, shingo, daraja na pikapu (siyo ya Toyota, ile sumaku inayokamata sauti). Piga picha ya nyaya kabla hujazigusa, utanishukuru. Msasa anza namba 120, kisha 240, malizia 320, ukifuata mistari ya mbao, na uvae barakoa kwa sababu vumbi la rangi ya zamani siyo la kuvuta. Pale shingo inapokaa usipake kitu.

Mkono wa kwanza changanya linsidi na tapentaini nusu kwa nusu ili iingie ndani. Paka kwa kitambaa, subiri dakika 15 au 20, halafu FUTA YOTE iliyobaki juu. Hapa ndipo wengi tunaharibu, tunaacha tukidhani itang'aa zaidi, kumbe inageuka utando unaonata. Acha siku moja hadi tatu, sugua kidogo na msasa 400, rudia. Mikono minne myembamba inatosha. Kwa baridi ya Mbulu au hapa chini ya mlima, mwezi wa sita na wa saba, ongeza siku, usilazimishe.

Sasa sikiliza hili vizuri. Matambara yenye linsidi usiyakunje ukayatupa kwenye kona ya duka. Yakiwa yanakauka yanatoa joto, yakirundikwa joto halina pa kutokea, na yanaweza kuwaka yenyewe bila hata kiberiti. Yatandaze nje moja moja mpaka yawe makavu, au yaloweke kwenye ndoo ya maji. Duka lako halina bima, nalijua hilo kwa sababu langu pia halina.

Kabla ya kufunga mzigo nafanya jaribio moja. Nafunga kipande cha nailoni kwenye gita, naweka tofali juu, nalala. Asubuhi nikikuta alama, mzigo hauendi popote. Na siku hizi nafunika na kitambaa cha pamba kwanza, nailoni inakaa nje ya boksi.

Kwenye tangazo andika ukweli kwamba limepakwa mafuta, siyo vanishi, hivyo likikwaruzwa halijifichi, na kila mwaka linahitaji kupakwa tena kidogo. Andika pia kwamba linsidi inaongeza unjano kadiri siku zinavyokwenda. Mteja akijua mapema halalamiki.

Lile la Haydom nililifuta na tapentaini, nikalipiga msasa upya, nikaanza moja kwa linsidi. Nilimtumia mwalimu picha bila kumwomba alinunue, akalinunua tena. Wiki iliyopita ameuliza kama nina gita la besi. Ninalo, rangi imekwisha kabisa, ila nimemwambia asubiri wiki tatu.