Ndege Zinazokwepa Rada: Siri Huibwa, Ujuzi Hujengwa

Ukitoka Miasenyi hadi Voi, katika kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya, kisha ukashika barabara ya Taveta, utapita Maktau na Mbuyuni kabla ya kukiona kilima cha Salaita kikiwa peke yake nyikani. Hapo, tarehe 12 Februari 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Uingereza liliwavamia Wajerumani. Makadirio ya kijasusi yalitaja askari wapatao 300. Waliokuwapo walizidi elfu moja. Mizinga ilipiga kileleni, kumbe mahandaki yenye watu yalikuwa chini, yamefunikwa na vichaka. Kikosi cha Afrika Kusini, kilichopigana upande wa Uingereza, kilipata hasara ya watu zaidi ya 130, ingawa Waingereza walikuwa na ndege za upelelezi upande huo tangu 1915.

Anayetaka kujificha vitani hana budi ajue kwanza adui anatazama kwa kutumia nini. Salaita Waingereza walitazama kwa macho, kwa hiyo kichaka kiliwatosha Wajerumani. Siku hizi adui hutazama kwa rada, inayorusha mawimbi ya redio na kusubiri yale yanayogonga ndege na kurudi. Ndege inayokwepa rada huchongwa ili mawimbi hayo yatawanyike pembeni, hupakwa rangi inayoyafyonza, na hewa ya moto itokayo kwenye injini hupozwa ili joto lisiifichue.

Vipimo na michoro ya kazi hiyo ndivyo majasusi wanavyovitafuta. Noshir Gowadia, mhandisi aliyeshiriki kuunda injini za B-2, ndege ya Marekani inayokwepa rada, aliisaidia China kubuni bomba la kutolea moshi litakalopunguza joto la kombora. Alitiwa hatiani mwaka 2010, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka 32. Su Bin, mfanyabiashara wa Kichina aliyekamatwa Kanada mwaka 2014, alishirikiana na wadukuzi waliolenga data za ndege za kijeshi, zikiwemo F-22 na F-35. Alikiri kosa mwaka 2016. Mmoja alibeba siri kichwani, mwingine aliifuata kwenye kompyuta. Kuta za kiwanda hazikuwazuia.

Hata hivyo, msingi wa teknolojia hii haukuibwa. Mwaka 1962 mwanafizikia Pyotr Ufimtsev alichapisha Moscow, bila kificho, hesabu za jinsi mawimbi yanavyotawanywa na kingo za umbo. Wakubwa wa Kisovieti hawakuona faida yake kijeshi. Jeshi la anga la Marekani lilitafsiri kazi hiyo mwaka 1971, na Denys Overholser wa kampuni ya Lockheed akaitumia kuandika programu ya kompyuta ya kukadiria ndege itaonekanaje kwenye rada. Ndege ya majaribio, Have Blue, iliruka Desemba 1977, na ndege ya kivita F-117 ikafuata mwaka 1981.

Ndiyo maana nasisitiza: mchoro ulioibwa humfaa tu mwenye wahandisi wa kuusoma, na kitabu kilicho wazi humfaa zaidi aliyejiandaa kukielewa. Serikali zetu zina wajibu wa kulinda siri za majeshi yao. Wajibu mkubwa zaidi ni kumfundisha mtoto wa Taita Taveta hisabati na fizikia kwa kina, maabara yake iwe na vifaa, na mwalimu wake awepo darasani. Ujuzi wa namna hiyo hakuna jasusi awezaye kutunyang'anya.