Punda wa Mizigo na Vidonda vya Mgongo

Watu husema kwamba asante ya punda ni mateke. Lakini mkulima akimchungua punda apigaye mateke wakati wa kutandikwa, mara nyingi ataona kidonda mgongoni, au mahali palipovimba penye joto. Mnyama huyo hakukosa shukrani, anaumwa. Tena punda huficha maumivu yake, naye huendelea kuchukua mzigo hata kidonda kikawa kirefu. Kwa hiyo yafaa mwenyewe akitafute kidonda kingali kidogo.

Vidonda vingi vya mgongo havitokani na ugonjwa, bali hufanywa na mzigo mzito mno, au mzigo ulioelemea upande mmoja, au matandiko mabaya.

1. Mzigo. Punda mzima wa Afrika Mashariki ana uzito wa kilo 150 hivi. Haifai achukue zaidi ya theluthi moja ya uzito huo, yaani kilo 50. Gunia zima la mahindi lina kilo 90 au 100. Huo ni mzigo wa punda wawili. Madumu mawili ya maji ya lita 20 yanamtosha. Madumu manne ni kumdhulumu. Mzigo ugawanywe sawasawa huku na huku. Punda jike huchukua mimba miezi 12 hivi. Katika miezi 3 ya mwisho asitwikwe kitu.

2. Matandiko. Mzigo usiguse uti wa mgongo. Shona mito miwili mirefu ya gunia, uijaze majani makavu, uilaze mmoja kila upande wa uti, ili katikati ibaki nafasi ya kupita hewa. Mito hiyo ianikwe juani kila siku baada ya kazi, kwa maana jasho likikauka huifanya iwe migumu, ikachubua ngozi. Usifunge kwa waya wala kwa kamba nyembamba ya nailoni; tumia mkanda mpana wa gunia au wa ngozi laini.

3. Kazi ya kila asubuhi. Mwendee punda kwa upande wa bega, ukisema naye, wala usisimame nyuma yake. Usizungushe kamba mkononi mwako, asije akashtuka na kukuburura. Pitisha kiganja mgongoni, mabegani na chini ya tumbo. Akishtuka unapomgusa, hapo pana maumivu, hata kama ngozi haijachubuka. Kisha inua miguu yote minne, utoe mawe na matope katika kwato, na kutazama kama pana msumari au mwiba. Mpe maji safi kabla ya safari na baada yake; katika siku ya joto aweza kunywa debe zima.

4. Akiwa na kidonda. Chemsha maji, utie kijiko kidogo cha chumvi katika kila nusu lita, uyaache yapoe, kisha uoshe kidonda mara mbili kwa siku. Usitie mafuta machafu ya gari, wala maji ya betri, kwani hivyo huunguza nyama na kukawiza kupona. Usimtwike mzigo mpaka ngozi imefunga kabisa. Kutoboa tundu katika matandiko mahali penye kidonda si dawa. Kingo za tundu hilo huleta kidonda kingine.

5. Hatari ya pepopunda. Ugonjwa huu huingia kwa njia ya kidonda, hasa tundu la msumari katika kwato, nao huwapata punda na farasi kwa urahisi kuliko ng'ombe. Dalili zake ni kutembea kwa miguu mikakamavu, masikio kusimama, mkia kuinuka, na taya kukaza hata asiweze kula. Ukiona dalili moja, mwite Bwana Mifugo siku ile ile. Wengi wapatwao hufa. Iko chanjo ya kuzuia. Mwulize habari zake punda angali mzima.

Mkulima huona hasara kumpumzisha punda majuma machache wakati wa mavuno. Na ahesabu vema: punda atunzwaye aweza kuishi zaidi ya miaka 20, lakini akifa kwa kidonda, mahindi yote ya mwaka huo na maji ya kila siku yatachukuliwa kwa kichwa cha mkewe na watoto wake.