Kuchoma Muziki Katika Diski kwa Programu Huria

Mara nyingi hutokea shuleni kwamba nyimbo zilizorekodiwa siku ya mahafali hunakiliwa kutoka katika kompyuta hadi katika diski ya CD, kisha diski hiyo ikatiwa katika redio ya zamani, na redio ikakaa kimya. Diski ile ile ikirudishwa katika kompyuta, nyimbo zote zaonekana. Wanafunzi hulaumu redio. Fundi hulaumu diski. Kwa kweli redio haina kosa, wala diski haina. Aliyeiandika diski aliiandika kwa utaratibu mmoja, na redio ikajaribu kuisoma kwa utaratibu mwingine.

Diski ya muziki, kwa kanuni zilizowekwa na kampuni za Philips na Sony mwaka 1980, haina faili hata moja ndani yake. Ina mfululizo wa tarakimu tu. Sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kwa upande wa kushoto na wa kulia, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani baiti mbili. Mwanafunzi aweza kuzidisha mwenyewe: 44,100 × 2 × 2 ni baiti 176,400 kwa kila sekunde ya muziki. Idadi hiyo ya vipimo haikuchaguliwa ovyo. Sikio la binadamu halisikii mitetemo inayozidi kiasi cha 20,000 kwa sekunde, na ili wimbi liweze kuundwa upya bila kupotoka, hapana budi lipimwe zaidi ya mara mbili katika kila mtetemo. Tarakimu hizo hupangwa katika njia moja nyembamba izungukayo kama dawa ya mbu ya kuchoma, kuanzia katikati kuelekea ukingoni. Nafasi kati ya mzunguko na mzunguko ni mikromita 1.6 tu, na njia yote ikinyooshwa yapita kilomita tano.

Faili ya MP3 ni kitu kingine kabisa. Wimbo uliobanwa kwa kiwango cha biti 128,000 kwa sekunde hutumia baiti 16,000, yaani takriban sehemu moja ya kumi na moja ya tarakimu za diski ya muziki. Redio ya zamani haina akili ya kuukunjua. Kwa hiyo programu ya kuchoma hulazimika kuukunjua kwanza. Ieleweke, hata hivyo, kwamba kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi. Wimbo hurejea katika ukubwa wake, si katika ubora wake wa awali.

Neno "kuchoma", ambalo vijana walilizoea kabla ya wanaisimu kuulizwa, lafaa sana. Diski za kiwandani hupigwa chapa ya vishimo. Diski tupu inayouzwa dukani ina utando wa rangi maalumu juu ya plastiki, na juu ya utando huo bati jembamba sana la kurudisha mwanga. Mwale wa leza wenye urefu wa wimbi wa nanomita 780 hivi, usioonekana kwa macho, huipasha rangi moto hata doa likabadilika na kuupunguza mwanga unaorudi. Baadaye mwale ule ule, ukiwa umepunguzwa nguvu, hupita juu ya madoa na kuyasoma.

Zamani leza ilipokwisha kuanza kuandika haikuweza kusubiri. Tarakimu zilipaswa kumiminika bila kukatika, kama maji katika mfereji, na kompyuta ikishughulika na jambo jingine kwa sekunde chache, diski iliharibika. Watu wengi wa miaka ya 1990 walijifunza kutogusa hata kibao cha herufi kazi ikiendelea. Vyombo vilivyotoka tangu kiasi cha mwaka 2000 vyaweza kusimama na kuendelea pale pale vilipoachia.

Katika mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kazi hii ilifanywa kwa miaka mingi na programu iitwayo cdrecord, ya Mjerumani Jörg Schilling. Programu za madirisha kama K3b huonyesha vitufe na picha, lakini nyuma ya pazia huziachia programu za namna hiyo kazi ya kuandika. Zote ni programu huria: kila mtu ana haki ya kusoma maandishi yake, kuyarekebisha na kuyagawa. Hapa Kiswahili kina bahati, kwani chatenganisha "huru" na "bure", maneno mawili ambayo Kiingereza huyachanganya katika neno moja.

Uhuru huo ulipimwa mwaka 2006. Schilling alibadili leseni ya sehemu za kazi yake, na wahandisi wa Debian wakaona kuwa leseni mpya haipatani na ile ya sehemu zilizobaki. Mwenyewe hakukubaliana nao. Wao wakachukua toleo la nyuma, ambalo leseni yake ilikuwa bado yaruhusu, wakaliendeleza kwa jina la wodim. Ugomvi ulikuwa mkali na haukuisha upesi. Lakini aliyekuwa na muziki wa kuchoma hakukosa chombo. Programu iliyofungwa ingeweza kuondoka na mwenyewe.

Mwalimu mwenye nyimbo zilizokwisha kukunjuliwa katika faili za WAV aweza kuandika amri hii moja:

wodim -v -dao -audio -pad *.wav

Neno -dao lina maana kubwa. Huagiza diski yote iandikwe kwa mkupuo mmoja. Bila hilo, leza huzimwa baina ya wimbo na wimbo, na kimya cha sekunde mbili huingia. Rekodi ya tamasha hukatwa katikati ya makofi. Neno -pad hujaza sifuri mwishoni mwa wimbo, kwa sababu diski hupokea vipande vya baiti 2,352 kamili, vipande 75 kwa sekunde.

Kipande hicho chaleta swali zuri la darasani. Diski ya dakika 74 ina vipande 333,000, hivyo hubeba baiti 783,216,000 za muziki. Mbona diski hiyo hiyo hubeba baiti 681,984,000 tu za faili? Kwa sababu faili hupewa baiti 2,048 katika kila kipande, na 304 zilizobaki ni za anwani na za ziada ya kusahihisha makosa. Muziki haukupewa ulinzi huo wa ziada. Ndiyo maana kuunakili kutoka katika diski iliyochakaa ni kazi ngumu, na programu huria ya cdparanoia husoma vipande kwa kupishana, ikavilinganisha na kurudia pale visipolingana.

Jambo la mwisho ni la mikono. Bati la kurudisha mwanga liko karibu na upande wa jina, chini ya rangi nyembamba tu. Mkwaruzo wa upande wa chini huweza kusuguliwa ukatoka. Wa upande wa jina hung'oa muziki wenyewe. Jina la diski liandikwe kwa kalamu laini ya wino, wala si kwa kalamu ya risasi, na faili za WAV zisifutwe katika kompyuta kabla diski haijasikilizwa hadi wimbo wa mwisho.